Pera la Mwenzangu

Tulipokwisha kuondoa matanga ya mama, walimu wa shule ya hapa kwetu Titye walinipitia nyumbani siku ya Jumamosi. Ni watu wa kuja, serikali imewaleta kutoka mikoa mingine, na walitaka niwaonyeshe njia ya mabondeni wapite kwenye migomba na mipera, waone vijiji, wapige picha kwa simu zao. Nikawauliza, "Mnakwenda kwa nani?" Wakacheka. "Hatuendi kwa mtu, mama. Tunatembea tu." Jamani! Sisi wa rika langu tulilelewa tukijua kwamba mtu mwenye akili zake hatembei tu. Ukimkuta njiani ana msiba, ana mgonjwa, au ana mkungu wa ndizi wa kuuza. Mimi nimetembezwa tu mara moja maishani mwangu, na ndiyo hiyo ninayotaka kuisema.

Tulipofika kwenye mipera ya bondeni, harufu ikanipiga. Mnaijua harufu ile, mapera yameanguka, yamepasuka, nyuki wanayazunguka, utamu umeanza kugeuka pombe. Mwalimu mmoja, dada wa Kisukuma mwenye kicheko kikubwa, akachuma pera zuri akanipa. Nikalipokea kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ukajinyoosha wenyewe.

"Na la mwenzangu?" nikasema.

Akageuka kutazama nyuma yangu. "Mwenzako yupi tena, mama?"

Ikabidi nimwambie kwamba mimi ni pacha. Akapiga kofi. "Kumbe! Sasa wewe ni Kulwa au Doto?"

Kwetu hatusemi Kulwa na Doto. Kwetu mapacha ni mahasa, aliyetangulia kutoka ni Bukuru, aliyemfuata ni Butoyi. Lakini si hilo lililonifanya nigeuze uso mpaka dada wa watu akadhani ameniudhi. Swali lenyewe ndilo linalonikwama. Niliwahi kulijibu nikiwa mtoto, na mpaka leo ndugu zangu wananisuta kwa jibu lile. Mimi sikusoma, niliishia darasa la tatu, maneno yangu hayajui kupanga foleni. Lakini majina ninayakumbuka, na nitayataja.

Tulikuwa wasichana wawili, Bukuru na Butoyi, tumefanana kama punje mbili za hindi moja. Nyumba yetu ilikuwa kwenye mgongo wa mlima, upande wa Buhigwe, asubuhi ukungu unajaa bonde zima mpaka unadhani ukitupa jiwe litaelea. Baba alikuwa Kigoma, bandarini, akibeba mizigo, tukimwona kwa msimu. Mama peke yake ndiye aliyekuwa hakosei. Wengine wote walitushika leso, "Wewe ni yupi? Simama, wewe ni yupi?" Nasi tulikuwa na mchezo wetu. Ukiulizwa, unataja jina la mwenzako. Na ukishalitaja, sheria ni kwamba unalishika, huliachi mpaka muwe wawili, mcheke pamoja. Tofauti yetu ilikuwa moja tu, kovu. Mimi niliburuta mguu juu ya kaa la moto nikiwa natambaa, likaniachia alama nyuma ya kisigino cha kushoto, nyororo, inang'aa.

Na kulikuwa na mila, ambayo wazee wanaijua. Kitu cha mahasa hakitolewi kimoja. Ukimpa mmoja ndizi, unampa na ya mwenzake. Ukimbagua mmoja, yule aliyebaguliwa anaugua. Tulilijua hilo kabla ya kujua kuvaa nguo wenyewe. Bukuru akipewa kipande cha muwa sokoni, anarudi na viwili, na mimi hivyo hivyo.

Basi Bukuru akaugua. Mchana alikuwa na homa, jioni akaanza kukakamaa, macho yanapanda juu. Mama akambeba mgongoni, akatoka mpaka uani kwa baba mkubwa Minani. Minani alikuwa na baiskeli, ya pekee kwenye mlima ule. Mama alisema, "Shemeji, nipakie mtoto, tumwahishe Kasulu hospitali." Nilikuwa nimeshika upindo wa kitenge chake, nilisikia kwa masikio yangu haya. Minani akajibu, "Mpira umepasuka, shemeji. Ningekuwa na mpira ningekataa?"

Mama akasema basi atakwenda kwa miguu. Hapo ndipo shangazi Velonika, dada yake Minani, alipomshika mkono. "Una wazimu? Hii ni degedege. Ukimpeleka watampiga sindano, na mtoto wa degedege akipigwa sindano anakufa papo hapo. Rudi ndani." Akaleta kinyesi cha tembo kilichokauka, alikinunua kwa mganga, akakiweka kwenye kaa, wakamfunika Bukuru shuka wamfukize. Moshi ule ulijaa nyumba. Mimi nilipelekwa kulala kwa bibi Anjelina, mama yake mama, aliyekuwa na kibanda chake chini kidogo ya kwetu.

Majina ndiyo hayo mawili. Minani, Velonika. Yaandikeni kokote mnakotaka.

Asubuhi bibi aliniamsha, akanipaka mafuta ya mawese miguuni, akanivalisha gauni la kanisani. Nikamwuliza kama ni Jumapili.

"Siyo Jumapili. Tunakwenda kutembea."

"Kwa nani?"

"Tunatembea tu. Tunaona mashamba ya watu."

"Na Bukuru?"

"Bukuru amelala. Usimwamshe."

Nikasema gauni la kanisani la Bukuru lilikuwa nyumbani, niende nikamletee. Akanishika mkono kwa nguvu, bibi ambaye hakuwahi kunishika hivyo. "Bukuru utamwona ejo," akasema.

Sasa, ejo. Walimu wangu wale wa Jumamosi walishangaa nilipowaeleza. Kwa Kiha chetu ejo ni kesho, na ejo hiyo hiyo ni jana. Unajua kwa namna mtu anavyosema. Lakini bibi aliisema kwa namna ambayo haikuwa upande huu wala ule. Nikaona labda usingizi bado haujanitoka.

Njia ilipita nyuma ya nyumba ya Minani. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani, gunia la kahawa limefungwa kwenye keria, tayari kwa safari ya Manyovu, kuvushwa Burundi kwa magendo. Nikaubonyeza mpira wa nyuma. Ulikuwa mgumu kama jiwe. Nilifurahi sana, siwezi kuwaficha. Nikamwambia bibi, "Bibi, baiskeli imepona! Imepona usiku!" Maana kichwani mwangu hesabu ilikuwa nyepesi. Kama mpira uliopasuka jioni umepona asubuhi, basi na Bukuru aliyeugua jioni amepona, ndiyo maana amelala vizuri. Bibi aliutazama mpira ule muda mrefu. Akatema mate chini, jambo ambalo alituchapa sisi tukilifanya.

Minani mwenyewe tulimkuta migombani kwetu, anachimba, yuko kifua wazi, mvuke unamtoka. Shimo lilikuwa limeshafika magotini.

"Baba mkubwa, unapanda mgomba?"

Alisimama. Akamtazama bibi, akanitazama mimi. "Ndiyo, mwanangu. Napanda mgomba."

"Mbona shimo refu?"

"Huu una mizizi mirefu," akasema, akainama tena.

Nimeishi na jibu hilo miaka yote. Minani amekufa, wamemzika kwa heshima, padri amemsifu. Lakini kila nikichimba shimo la mgomba shambani kwangu, huwa nasimama kidogo nipime lisije likawa refu.

Tukateremka. Na niseme ukweli, njia ilikuwa nzuri. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba ilikuwa nzuri. Jua lilikuwa linapasua ukungu vipande vipande, mibuni imezaa matunda mekundu chini ya migomba, maparachichi yananing'inia mpaka unainama upite. Maharage yametandazwa nyuani, kuku wanafukuzwa. Mahali fulani watu walikuwa wanachoma tanuri la matofali, moshi wake wa mkaratusi unanukia vizuri kuliko ule wa jana kwetu. Kila nyumba bibi alisimama, wakapigiana yale makofi ya salamu, amahoro, amahoro, na safari ile salamu hazikuisha upesi. Wananong'ona. Mwanamke anashika kidevu. Halafu lazima mtu aulize, kwa sauti ya chini, "Ni yupi?"

Bibi anajibu, nao wananitazama.

Mimi nilizoea swali lile tangu nizaliwe. Nilidhani ni lile lile la siku zote, kwamba wanashindwa kututofautisha. Sikujua limegeuka. Sikujua kwamba hawaulizi huyu aliyesimama hapa ni yupi. Wanauliza amekwenda yupi.

Nyumba za mwanzo walinipa vitu viwili viwili. Ndizi mbivu mbili, machungwa mawili. Nikawa nakula moja, la pili naliweka kwenye kikapu kidogo cha bibi. "La Bukuru," nasema, na wanawake wanageuza nyuso. Wengine waliingia ndani kabisa. Nikaona leo watu wa bondeni wana adabu mbaya, mgeni yupo uani nao wanakimbilia jikoni. Lakini sikujali. Nilikuwa na kazi yangu. Bukuru akiamka atataka fungu lake, na asipolipata homa itarudi. Kila kitu cha kikapuni kilikuwa dawa, na mbebaji ni mimi.

Tukavuka kijito kwa kukanyaga magogo. Niliteleza, tope likanipanda miguu yote mpaka magotini. Bibi alitaka kuninawisha, halafu akaacha tu, akakaa kwenye gogo akiangalia maji. "Bibi, twende," nikamwambia. "Tunakwenda wapi, mjukuu wangu?" akaniuliza. Yeye, mwenye safari, ananiuliza mimi. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, na sikujua ninaogopa nini.

Ng'ambo ya kijito kulikuwa na mji wa Mama Skola, ndiye mwenye mipera mingi. Mumewe alikuwa mgonjwa wa siku nyingi, bibi akaingia ndani kumjulia hali. Mama Skola akabaki na mimi chini ya mipera. Alikuwa amejifunga kitenge vizuri na kilemba, kama mtu anayejiandaa kutoka. Akachuchumaa, akanishika mabega.

"Mwanangu, wewe ni yupi?"

Nilikuwa nimechoka na nyuso zile. Nilitaka mtu acheke. Nikafanya kile tulichokuwa tunafanya siku zote.

"Mimi ni Bukuru."

Mama Skola aliziba mdomo kwa mkono. "Bukuru? Wewe Bukuru?"

"Ndiyo. Butoyi amelala nyumbani."

"Yesu wangu! Nao walituambia ni Bukuru," akasema, lakini hakuniambia mimi, aliiambia mipera. Kisha akainuka, akachuma pera, akanipa.

Moja.

Nikasubiri. Nikanyoosha mkono wa pili. "Na la mwenzangu?"

"Chukua hilo hilo, mwanangu," akasema, na machozi yakaanza kumtoka. "Chukua hilo moja."

Hakuna mtu mzima aliyewahi kunipa kitu kimoja. Nilijiona kama nimevuliwa nguo. Nilitaka kumkumbusha, nimwambie mama, umesahau, ukitoa kimoja yule mwingine anaugua. Lakini alikuwa analia, na mtoto hamfundishi mkubwa anayelia. Bibi alipotoka ndani, Mama Skola alikuwa ameshashika njia ya mkato ya mlimani, anakwenda haraka, kitenge kinapeperuka. Bibi aliuliza amekwenda wapi nikasema sijui, na kweli sikujua. Pera nikalila nusu, kwa uangalifu, nikizungusha meno pembeni ya mbegu. Nusu ya Bukuru nikaifumbata mkononi. Sikuiweka kikapuni, niliogopa itapotea kati ya vile vilivyotolewa kwa haki.

Tulirudi jua likiwa limeegemea. Kutoka ng'ambo nikaiona nyumba yetu, na watu wamejaa! Wanaume wanapasua kuni, wanawake wanapishana na ndoo za maji, masufuria makubwa yale yanayoazimwa. Nikamvuta bibi. "Bibi, kuna sherehe! Bukuru amepona, wanafanya sherehe!" Migombani, pale alipokuwa anachimba Minani, udongo ulikuwa umeinuka, mwekundu, mbichi. Mgomba haukuwepo. Nikawaza, amefukia bila kupanda, mtu mzima mzima.

Mama akatoka ndani. Hakutembea, alirushwa na mlango. Hana kilemba, nywele zimesimama, wanawake wawili wanamshika naye anawaburuta, na nyuma yao Mama Skola anasema, "Ameniambia mwenyewe! Mwenyewe kwa kinywa chake!"

"Bukuru!" mama akaita. "Bukuru wangu!"

Mama hajawahi kukosea. Hilo ndilo lililonichanganya kuliko yote. Mama, asiyekosea hata gizani, ananiita jina la mwenzangu. Nikaona basi naye yumo mchezoni. Bukuru amemwambia mchezo wetu, amejificha nyuma ya mlango, anasubiri nishike sheria mpaka mwisho, halafu atoke tucheke wote watatu. Nikaitika kwa furaha.

"Abee, mama!"

Akaniangukia. Ananinusa kichwa, ananishika masikio, analia na kucheka pamoja, "Nilijua, nilijua, niliwaambia mimi." Sijawahi kukumbatiwa vile, si kabla wala baadaye.

Ndipo Velonika alipokuja. Alinishika mguu wa kushoto kama anavyoshikwa mbuzi anayekaguliwa mnadani. Akatemea mate pembe ya kanga yake, akasugua tope kisiginoni. Akasugua mpaka kovu likatokea, likang'aa.

"Tazama," akamwambia mama. "Tazama hapa. Huyu ni Butoyi."

Mama akatazama kovu. Kisha akatazama uso wangu. Na mimi nikauona wake.

Sina neno la kuueleza. Mikono yake haikuniachia, ilibaki pale pale mgongoni kwangu, lakini mwenyewe alikuwa ametoka ndani yake. Nikafungua kiganja nimpe ile nusu ya pera. Ilikuwa imegeuka kahawia. "Hii ya Bukuru," nikasema. Minani ndiye aliyezungumza, amesimama na jembe begani, "Mtoto mwongo huyu. Amemfiwisha mama yake mara mbili."

Likawa hilo. Mama hakuwa sawa tena, alikuwa akiandaa sahani mbili anaketi kuzitazama, na ukoo wote ukasema ni uongo wa Butoyi. Si mpira wa baiskeli. Si moshi wa kinyesi cha tembo. Si wao walionivalisha gauni la kanisani wakanitembeza bonde zima ili nisijue, bonde zima likajua isipokuwa mimi. Ni mtoto ambaye meno ya mbele yalikuwa yameng'oka, hayajaota mengine. Nimelibeba hilo mpaka nimezeeka nalo, na leo nalitua hapa. Lenu hilo, chukueni.

Mama alifia kwangu, hapa Titye. Siku za mwisho alikuwa haoni vizuri, na watu walikuja kumuaga. Velonika naye alikuja, mzee, anatetemeka, nikampa kiti mwisho wa kitanda, upande wa miguu, maana mgeni ni mgeni. Mchana ule mama alifungua macho, akapapasa mpaka akaupata mkono wangu.

"Bukuru?" akaita.

Nikamtazama Velonika. Alikuwa ameinamisha kichwa, anaitazama miguu yangu. Nilikuwa peku, nimetoka shambani, tope limenijaa visigino.

"Abee, mama," nikaitika.

Safari hii hakuinuka mtu kunishika mguu.